Kitambaa Kilichokatwa Sikio

Aliyekosa ya juma lililopita nitamdokezea upesi, maana mimi mwenyewe sipendi kuyarudia. Nilikuwa dereva wa mkurugenzi, nikafukuzwa kwa kosa la mtu mwingine. Kazi ilipokwenda, nyumba nayo ikaifuata. Mke wangu akatuchukua, mimi na godoro letu, akatupeleka kwa kaka yake mwenye yadi ya kuosha na kung'arisha magari. Huko nikapewa ndoo, aproni na chumba cha nyuma. Ndiyo, mwanamume mzima nikahamia ukweni.

Mliponiacha, mteja wetu Daktari wa Meno alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa gari lake jeusi, tochi mkononi, ameniita nikaone.

Nikaenda. Daktari hukagua gari lake kama anavyokagua mdomo wa mtu. Hana haraka, hasemi kitu, halafu anaguna, nawe unajua kuna jino linang'oka. Safari hii aliguna mara mbili.

Mlangoni kulikuwa na mistari midogo, myembamba kuliko unywele, imejikunja na kupishana. Kwenye gari jeupe ungeweza kupita wiki nzima bila kuiona. Kwenye gari jeusi inakukodolea macho. Na hiyo ilikuwa mara ya pili, kwenye mlango uleule, baada ya mikono ileile kuuosha, yaani hii yangu.

Angenitukana ningepata nafuu. Hakunitukana. Aliniambia taratibu kwamba gari lile marehemu baba yake alilinunua jipya, akaliosha kwa mikono yake mpaka siku alipolazwa. Rangi ile bado ni ya kiwandani. Ndiyo sababu analileta kwetu kila Jumamosi, lisije likazeeka mikononi mwake.

Kwa asiyejua mambo yetu, juu ya rangi ya gari kuna ngozi nyembamba inayong'aa, tunaiita klia. Mikwaruzo midogo unaweza kuiondoa kwa mashine na polishi. Ila kila unapoiondoa unakula ngozi kidogo, na ngozi hiyo haioti tena. Ukiimaliza, hakuna dawa ila kulipaka gari rangi upya. Na gari lililopakwa upya, alisema Daktari, ni sawa na meno ya bandia, yanatafuna lakini hukuzaliwa nayo.

Shemeji, yaani kaka wa mke wangu na bosi wangu, alishika mashine mwenyewe akausawazisha mlango. Mimi nikasimama pembeni nimeshika taulo kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Daktari alipoondoka, Shemeji akanivuta nyuma ya matangi ya maji.

"Mara ya tatu, shemeji, aproni utaitundika pale kwenye msumari," akasema. "Chumba kile ni cha mfanyakazi. Na dada yangu ana chumba chake kwa mama, tangu alipozaliwa."

Hakupandisha sauti. Nilielewa hesabu yake vizuri: kazi, paa na mke, vyote vimefungwa kwenye mlango mmoja wa gari la mtu mwingine.

Sasa lazima niwaeleze mimi ni mtu wa namna gani. Mimi nikipewa zawadi huigeuza kwanza nione chini kuna nini. Nikisalimiwa kwa furaha, najiuliza huyu anataka kukopa nini. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na macho mawili na bado nikalalamika kwamba la tatu limeibwa. Kwa hiyo, nilipotoka nyuma ya yale matangi sikujiuliza nimekosea wapi. Nilijiuliza ni nani anayenichimba.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Kimya. Huyo ni mwoshaji mwenzangu, na jina hilo walimpa kwa sababu hajawahi kunyamaza. Anaongea na magari, na ndoo, na mpira wa maji. Nikasema moyoni, mtu anayeongea hivi lazima kuna jambo anafunika. Nikaanza kumvizia.

Nilimvizia mpaka akanigundua. Akaniuliza kama nimempenda au nina deni naye. Nikamweleza wazi kwamba kuna mtu anachafua vitambaa vyangu ili nionekane sijui kazi. Kimya akacheka mpaka povu likamwingia machoni. Halafu akajifuta, akaniambia neno moja ambalo kwake lilikuwa fupi sana.

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu."

Nikalichukua neno hilo nikaenda nalo moja kwa moja kwa Shemeji. Nani mwingine alikuwa nguoni mwangu? Nilikuwa nikilala kwenye chumba chake, nikivaa aproni yake, nikiosha kwa ndoo zake. Na tangu siku ya harusi yetu hajawahi kunikubali. Siku ile alinipa mkono huku akitazama viatu vyangu.

Hapa inabidi nieleze habari ya vitambaa, maana ndivyo vilivyonifikisha nilipo.

Yadini kwetu kitambaa cha bodi, yaani cha kufutia rangi ya gari, ni cha bluu, laini, mtoto mchanga ungeweza kumfunika. Kikianguka chini, hata kama sakafu imetoka kuoshwa sasa hivi, hakirudi kwenye bodi tena. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye zile nyuzi, wewe unafuta na yenyewe inachora. Kwa hiyo kitambaa kilichoanguka kinakatwa pembe moja kwa mkasi, na tunasema kimekatwa sikio. Kuanzia hapo ni cha rimu na matairi mpaka kife.

Sheria hiyo hakuitunga Shemeji. Aliitunga mke wangu, zama zile hajaolewa, alipokuwa akifanya kazi na kaka yake. Wateja wa zamani bado wanasema hakuna mkono uliong'arisha boneti kama wake. Siku yangu ya kwanza ndiye aliyenipeleka penye mkasi uliotundikwa kwa kamba karibu na bomba.

"Rangi haisamehi," akaniambia. "Kitambaa kikianguka usikionee huruma. Kata."

Nami nilikata. Labda nilikata kuliko wote pale, maana mikono ya dereva imezoea usukani. Vilinidondoka kila siku. Jioni vyote, vizima na vilivyokatwa, viliingia kwenye beseni moja na kwenda kufuliwa nyumbani kwa mama mkwe, ambako ni ukuta kwa ukuta na yadi. Asubuhi mke wangu alivirudisha vimekunjwa, vinanukia sabuni.

Baada ya lile onyo nikanunua kufuli. Nikafunga kabati la vitambaa, ufunguo nikautia kwenye uzi, nikauvaa shingoni. Kimya akatangaza kwa kila mteja kwamba shemeji wa bosi siku hizi amevaa hirizi. Nikamwacha aseme. Hirizi yangu ilikuwa na meno na ilifungua kitu kimoja tu.

Jioni hiyo mke wangu aliutazama ufunguo kifuani mwangu kwa muda. Akasema tuondoke.

Nikamuuliza twende wapi.

"Popote," akasema. "Hapa tutazeeka tukiwa wageni."

Nikamjibu kwamba siwezi kuondoka nimechafuliwa jina, kwanza nimshike anayenichimba, halafu tutaongea. Aliwahi kuyasema maneno hayo kabla, tena zaidi ya mara moja, na kila mara nilikuwa na jibu. Akageukia ukutani. Nikadhani amechoka, nikaendelea kupanga mitego yangu.

Katikati ya wiki nilikutana na mama mkwe mlangoni pake. Nikamwamkia nikitazama chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mama wa mkewe. Akaitikia, akaniuliza kazi inaendaje, na kama vitambaa vinanitosha. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeficha peremende nyuma ya mgongo. Nikalishuku lile tabasamu, halafu nikajikemea palepale. Kuna watu wa kushukiwa na kuna wakwe, nikamwambia mke wangu usiku ule nilipomsimulia.

Jambo jingine nililoliona wiki hiyo ni kwamba vitambaa vilikuwa vimebadilika. Pembe zake zilikuwa za mviringo, ukingo wake umenyooka. Nikahisi Shemeji amenunua aina mpya bila kuniambia. Hilo nalo nikaligeuza nione chini kuna nini. Kwa nini mtu anayetaka kunifukuza aninunulie vitambaa vipya? Nikapata jibu kabla ya chakula cha mchana: hakuvinunua kwa ajili yangu, alivinunua kwa ajili ya huyo atakayekuja baada yangu. Nikamchukia Shemeji siku nzima kwa jibu hilo.

Jumamosi gari jeusi likaingia.

Sijawahi kuosha kitu kwa uangalifu kama ule, hata mwili wangu. Nikalimwagia povu likalowa, uchafu ukalegea wenyewe. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu, kila moja na wavu chini wa kushika mchanga. Nikaanza juu, nikashuka, mistari iliyonyooka, bila kuzungusha mkono. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na lango, hana gazeti, hana simu, ananitazama tu. Mke wangu alikuwa kwenye bomba akisuuza ndoo za jana.

Nikalikausha. Nikapaka nta kidogo kidogo, nikaiacha ikauke ukungu. Kisha nikafungua kabati kwa ufunguo wangu, nikatoa kitambaa cha bluu, nikafuta mpaka nikajiona usoni kwenye mlango. Nilijiona ninatabasamu. Kitambaa nikakitupia begani, nikamwita Daktari.

Akachuchumaa. Tochi ikawaka.

Sikusubiri agune. Niliiona kabla yake. Mistari ileile, imejikunja vilevile, imelala juu ya mlango wa marehemu kama buibui ameshinda hapo akifanya kazi yake.

Nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutoka imevaa nguo za hasira. Nikageuka, nikamnyooshea Shemeji kidole mbele ya Daktari, mbele ya Kimya na mteja mwingine aliyekuja kuosha pikipiki. Nikamwambia najua ni yeye. Nikamwambia alinikataa tangu siku ya harusi, ameshindwa kunifukuza kwa mdomo, sasa ananifukuza kwa mchanga. Nikamwambia ni mtu asiye na haya.

Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia leo. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Na mama aliyezaa mtu wa namna hii," nikasema, "alipata hasara."

Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akitazama nyuma ya bega langu.

Nikageuka taratibu. Mama mkwe alikuwa amesimama penye kilango cha ukutani kinachotoka kwake, beseni la vitambaa vilivyokunjwa, ambalo siku hiyo alilileta mwenyewe, limekaa kiunoni. Alikuwa amesikia kila neno.

Nimewahi kuaibika maishani, lakini hiyo ilikuwa aibu ya kuzikwa nayo. Mtu hulipa faini, huomba radhi, huhama mji. Lakini umtukane mama mkwe kwa sababu ya kumzaa mwanawe, mwana aliyemzaa tumbo moja na mkeo, utahamia wapi? Nikataka kupiga magoti. Miguu ikakataa, ikabaki imesimama tu.

Shemeji hakunipiga, ingawa nilikuwa tayari. Aliinuka, akaja, akakitwaa kile kitambaa begani mwangu. Ukutani kwetu imetundikwa boneti nyeusi ya gari lililokufa, wanafunzi wapya huifanyia mazoezi ya polishi. Akaenda akaifuta boneti ile mara chache, kwa utaratibu, kama mtu anayepanguza meza. Kisha akamwomba Daktari tochi.

Mistari ikatokea palepale, mbele ya macho yetu sote.

"Kabati ni lako," akasema. "Kufuli ni lako. Ufunguo uko shingoni mwako. Sasa niambie mimi nimepita wapi."

Sikuwa na pa kupita mimi pia. Nikakichukua kitambaa nikaanza kukipapasa, angalau mikono ipate kazi. Katikati kilikuwa laini kama kawaida. Nilipofika ukingoni dole gumba likakwama. Kulikuwa na pindo. Nyuzi ndogo ngumu, mishono midogo sana, imepangwa kwa mstari ulionyooka kuzunguka kitambaa chote mpaka kwenye zile pembe za mviringo. Hakuna kiwanda kinachoshona vitambaa vyetu hivyo.

Daktari akaniomba akione. Akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akakata uzi mmoja, akalifumua pindo kwa utulivu kama anayetoa mabaki kwenye jino bovu. Akakikung'uta juu ya kiganja chake. Chembe za mchanga zikaanguka, zikametameta kwenye mwanga wa tochi.

"Mshono huo ni wangu," mama mkwe akasema.

Akaweka beseni chini, akatusogelea. Hakuwa amekasirika. Hilo lilinitesa zaidi, maana alikuwa akiona haya kwa niaba yangu. Akaeleza kwamba amekuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na hawezi kulala nyumba moja na kitambaa kilichonyofolewa pembe. Kila jioni aliona vitambaa vizuri, vizima, vimekatwa pembe moja kana kwamba panya amepita. Akaona mkwe wake anahangaika na kazi ngeni, kila siku anaharibu. Basi akaanza kuvitengeneza. Alikata na zile pembe nyingine tatu ili zilingane, akazizungusha, akakunja ukingo, akapiga cherehani. Akavirudisha kwenye fungu la vizima.

"Nilikuwa nangoja uone vilivyopendeza," akaniambia. "Nilidhani utafurahi, mwanangu."

Kwa hiyo vile vitambaa vyote nilivyovidondosha, nikavihukumu, nikavikata sikio kwa mkono wangu, vilikuwa vikirudi kabatini vimepambwa. Na kwenye lile pindo jipya mchanga wote ulikuwa umeshonewa ndani, sabuni haiufikii. Nami nikavifungia kwa kufuli, nikauvaa ufunguo wake shingoni.

Nikapiga magoti sasa. Miguu ilikubali. Nikamwomba radhi kwa neno nililolisema, sikumbuki nilitumia maneno gani. Akanishika bega akasema ameyasikia na mazito kuliko hayo kutoka kwa wateja wa magauni ya harusi. Kimya akapumua kwa sauti. Shemeji akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso, na nilipoona mabega yake yanatikisika nilidhani analia, kumbe anacheka.

Nikaona mlango unafunguka. Hakuna adui. Hakuna aliyenichimba. Ni mama mmoja na cherehani yake, na mapenzi yasiyoulizwa. Shemeji hangeweza kunifukuza kwa kosa la mama yake mwenyewe. Daktari naye alikuwa akilitazama pindo lile kwa heshima, akasema mishono hiyo hata yeye haiwezi kwenye fizi. Kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale yadini.

Shemeji akafuta machozi ya kicheko. "Lakini mama," akasema, "si ungeuliza kwanza?"

"Niliuliza," mama mkwe akajibu.

Akamgeukia mke wangu pale bombani.

"Nilimwambia huyu, kamuulize mumeo kama hivi vilivyokatwa nivishone au nivitupe. Mimi siwezi kumsimamisha mkwe njiani kumuuliza habari za matambara. Akarudi akaniambia umesema nivishone vyote, na nizilinganishe pembe zote zifanane. Nikaona ni wazo zuri."

Sijawahi kuulizwa swali hilo. Kabla sijasema hivyo nililiona jambo zima likija. Kuna watu duniani ambao wangeweza kukosea jambo lile bila kujua. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Mke wangu hakuwa. Mkasi ule kwenye kamba aliutundika yeye. Sikio lile alilitunga yeye.

Shemeji alikuwa ameacha kucheka. Akamwita dada yake kwa lile jina la utotoni ambalo sijawahi kuruhusiwa kulitumia, akamuuliza kama ni kweli.

Mke wangu akafunga bomba. Akajifuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. Kwanza akamwendea Daktari.

"Nisamehe, Daktari," akasema. "Gari lako halikuwa na kosa. Mlango wako nitautengeneza mimi, kwa mkono, bila mashine."

Kisha akaja kwangu. Akapitisha mikono nyuma ya kiuno changu, akafungua fundo la aproni, akanivua kama mama anavyomvua mtoto. Akaenda nayo mpaka kwenye ule msumari, akaitundika.

"Kaka, ulisema mara ya tatu," akasema. "Hii ndiyo ya tatu."

Hakungoja jibu. Akatupita wote, akaingia chumba cha nyuma. Shemeji alinitazama, nami nikamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu harusi tulikuwa watu wawili wasioelewa kitu kimoja. Nikamfuata mke wangu.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Lile sanduku tulilokuja nalo, ambalo nilijua liko uvunguni limejaa vumbi, lilikuwa juu ya godoro. Halikuwa na vumbi. Lilikuwa limejaa, limefungwa, zipu imevutwa mpaka mwisho.

Nikamuuliza limekaa hivyo tangu lini.

"Tangu alama za kwanza," akasema.

Nikamuuliza nguo za nani zimo. Sauti yangu niliisikia imekonda. Angeweza kusema zangu, nami ningejua kaka yake ameshinda bila hata kunyoosha mkono. Angeweza kusema zake, anarudi kwenye chumba chake kwa mama. Angeweza kusema zetu, na hapo ningekuwa mpumbavu niliyevutwa kutoka kwenye nyumba ya watu kwa njia pekee ambayo ningekubali kutoka, yaani kufukuzwa. Zote tatu ziliwezekana. Nilimtazama usoni nisome, nikagundua sijui uso ule umechoka tangu lini.

"Umemshuku Kimya," akasema. "Umemshuku kaka. Umemshuku mama kwa sababu ametabasamu. Beseni nilikuwa nalileta mimi kila asubuhi, mikononi mwangu. Mbona mimi hukunishuku hata siku moja?"

Nilitaka kumwambia ni kwa sababu namwamini. Neno lilikuwa tayari ulimini, na ni neno zuri, mke yeyote angelipokea. Lakini halikuwa kweli, na alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayekagua mlango kwa tochi. Sikumshuku kwa sababu sikuwa nimemtazama. Nilikuwa nimetazama kila mtu yadini isipokuwa yeye. Iliniuma kuliko kufukuzwa.

Nje nilimsikia Kimya akianza tena kuongea na mpira wa maji, na mama mkwe akimuuliza mwanawe dada yake amefanya nini.

Mke wangu akalisukuma sanduku kuelekea kwangu.

"Fungua mwenyewe," akasema.

Nikashika zipu. Mimi, ambaye sijawahi kupokea kitu bila kukigeuza nione chini kuna nini, niliketi pale na mkono wangu juu ya sanduku la mke wangu, na sikutaka kujua.